Nyumba Iandikwe Jina Lako, Mayu

Mayu wangu mpendwa,

Mwangaluka, mayu. Umeamkaje huko Bariadi? Goti bado linakusumbua, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na shamba la Kasoli, pamba mmeshaipalilia au majani yamewashinda? Sisi huku Ohio tu wazima. Baridi haijaisha, ila nimeizoea kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi. Kazi ni ileile ya kutunza wazee. Nawaogesha, nawalisha, wananiita binti yao, nami moyoni nakuwaza wewe.

Sasa nikupe habari yenyewe. Kabula mdogo wangu, unayemsomea mama, usiruke hata mstari.

Huku kila mwaka mtu anapeleka serikalini hesabu ya kipato chake. Ukiwa na nyumba na umeilipia kodi ya jengo, unaweza kuitaja, wakaipunguza kwenye kile kipato kinachotozwa kodi. Wenzangu kazini walikuwa wakijisifia hilo, nami nikasema, kwani mimi sina nyumba? Ninayo Bariadi. Nikamwomba Kabula anirushie zile meseji za LUKU, maana kwetu kodi ya jengo inakatwa humohumo ukinunua umeme, nikaenda nazo maktaba. Yupo mama mmoja wa Kighana, mtu mzima, anayejitolea kuwasaidia watu hesabu hizo.

Alizisoma akacheka hadi akavua miwani. "Binti, kodi ya jengo iliyobebwa mgongoni na umeme sijapata kuiona." Akaniambia wazi kwamba sheria ya huku haikubali kodi ya nyumba ya kuishi iliyo nchi nyingine. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Lakini yule mama ni mdadisi.

"Hata ingekuwa hapa mtaani," akasema, "ningekuuliza kwanza nyumba ni ya nani, na kodi amelipa nani."

Nikajibu upesi kwamba nyumba ni yangu na nimelipa mimi. Halafu nikakumbuka ukweli. Pesa ninayotuma ni ya ada ya Kabula na dawa zako. Umeme unanunua mwenyewe kwa hela ya mayai.

"Anayekaa humo ni nani?"

"Mama yangu. Ameshapita sabini."

"Na kwenu wazee hawasamehewi kodi hiyo?"

Sikujua. Nimejenga nyumba nzima na hilo silijui. Nikampigia Kabula aulize halmashauri, akaniletea jibu kwamba mzee aliyepita miaka sitini anayeishi kwenye nyumba yake husamehewa. Lakini lazima iwe yake, si ya mwanawe.

Katika simu hiyohiyo Kabula akaniambia kwamba watu wa ardhi wanapita mtaani kuandika majina ya hati za nyumba, na wiki ijayo zamu ni yenu. Kwamba baba mdogo Masanja ametoka Kasoli kuja kusema liandikwe jina langu mimi Nkwimba, kwa kuwa ndimi niliyejenga. Na kwamba wewe ulijibu, "Ni kweli, mimi nimewekwa tu humu."

Mayu, neno hilo limeniuma. Kumbe ndiyo maana chumba cha mbele hulali. Kabula anasema unakifagia, unakitandika, unakifunga, eti cha mwenye nyumba.

Najua kwetu mtoto akijenga, mzazi hajiiti mwenye nyumba, asije akaonekana anamnyang'anya. Ni heshima, silaumu. Lakini fikiria nikifa huku. Mume wangu ni mtu mwema, ila ndugu zake wote siwajui. Watakuja na hati yenye jina langu wakuambie uliwekwa tu, nawe utafunga mzigo wako, maana ulishasema mwenyewe. Mama mkubwa wa Lalago ulimpokea wewe na godoro lake, alipofukuzwa kwa wakwe matanga ya mumewe hayajaisha. Wewe nani atakupokea?

Wala usidhani kwangu ni jambo jepesi. Watu huku huniuliza kama nitarudi, nami huwajibu nina nyumba Bariadi. Nikishasema hivyo napata nguvu ya kuamka tena kesho. Jina langu lisipokuwepo sijui nitajibu nini. Nimelia juu ya hilo, kisha nikanawa uso, na bado nataka jina liwe lako.

Baba mdogo atabisha. Mwambie Nkwimba ndiye aliyesema, na asiposadiki anipigie, nitamweleza taratibu kwa heshima yake yote. Mwenzio akikuuliza kwa nini, mwambie, "Mwanangu amenipa, na cha kupewa hakirudishwi."

Nisalimie huyo baba mdogo, pamoja na mama mdogo wa Kasoli. Nisalimie mama mkubwa, na dada yangu Doto aliyeolewa Nyalikungu, mwambie michembe yake ya viazi vikavu ilinifikia na nimeitafuna peke yangu bila aibu. Kabula asome kwa bidii. Wabeja sana kwa maombi yako.

Watu wa ardhi wakiuliza mwenye nyumba ni nani, usimgeukie baba mdogo. Sema, "Ni mimi." Nami siku nikija nitasimama nje na mizigo yangu, nibishe hodi, nisubiri mwenye nyumba aniambie karibu.

Mwanao,
Nkwimba