Kibuyu Nilichokificha Chini ya Shuka

Lodwar, Turkana.
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa dada Namuria,

Ejok? Baridi ya huko Nyeri inakutendeaje, wewe uliyezaliwa juani? Natumaini mgongo wa shemeji Nathan umepata nafuu na Maryanne anasoma vizuri. Mimi ni mzima, ila kikohozi. Ningekupigia simu, lakini haya siwezi kuyasema hapa uani mwa hospitali mbele ya watu.

Mume wangu Lokaale yuko hospitalini, wiki ya pili sasa. Ngamia dume alimng'ata mkono kule Namoruputh. Unakijua kiburi cha Lokaale: alikataa kushikwa mpaka akaanguka. Tulipofika Lodwar damu yake nyingi ilikuwa imebaki njiani. Akaongezewa mifuko minne.

Nilidhani yameisha. Kumbe mwili uliopoteza damu nyingi hivyo hushtuka na kuanza kupigana hata na wenyewe. Mapafu yakavimba, figo zikalegea. Daktari akampa dawa ya kutuliza vita hiyo, akanionya kwamba dawa yenyewe huwalaza hata walinzi wa mwili, kwa hiyo kijidudu kidogo tu kingeweza kummaliza. Niliitikia kwa kichwa. Dada, nilisikia bila kusikia.

Kwetu aliyemwaga damu hunyweshwa damu, wewe unajua. Baba mkwe, mzee Epuyo, alimtoboa maksai shingoni, akanitumia damu na maziwa ndani ya kibuyu. Nilikificha chini ya shuka, nikamnywesha Lokaale mafundo mawili huku nikikohoa. Alitabasamu. Kesho yake homa ikapanda.

Sista Keziah, muuguzi wa wodi, aliona tone kwenye mto. Hakunigombeza. Alinitoa nje tu, akafunga mlango. Daktari hajui kama ni kibuyu au ni kikohozi. Vyovyote vile, ni mimi.

Halafu jamaa wakaja, lori zima, wakitaka kuingia wodini. Mzee Epuyo ndiye aliyewazuia.

"Ngombe ukitoa yeye damu, unafunga yeye kando," aliwaambia. "Ukirudisha yeye haraka kwa wengine, ugonjwa inashika yeye. Sasa nyinyi nataka nini hapa?"

Walirudi walikotoka, naye akaenda nao. Kibuyu hakukitaja, wala mimi sikukitaja.

Sasa nakaa uani, upande wa dirisha. Mchana sista humgeuza Lokaale anielekee. Jana homa ilishuka kidogo, na daktari anasema tungoje siku tatu. Lokaale aliniona, midomo yake ikasema kitu, lakini kioo kimefungwa na sikujua ni nini. Hilo limenikalia moyoni tangu jana.

Watoto wangu wako kwa mama huko Kalokol. Chakula nanunua cha mtu mmoja, nusu namwachia paka wa hospitali. Nina upweke, dada. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kukosa hata wa kugombana naye.

Nisalimie shemeji na Maryanne, na mwambie mama mkwe wako sijausahau uji wake. Mungu awafunike nyote, asiache mguu wa yeyote nje.

Jamaa wote nimewaambia wasije. Wewe pia usije kumwona Lokaale, hutaruhusiwa. Njoo unione mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Nakiru