Nywele Ulizokwenda Kuzizika

Shoga yangu Mwanasiti,

Nimekuandikia Tanga mara mbili, hukujibu. Na hii usiijibu ukipenda, lakini isome.

Wakumbuka ukinisuka uani kwetu Mtopanga, nimekaa baina ya magoti yako, wewe ukisengenya mji mzima? Ukimaliza, nywele zilizotoka kitanani ulizifunga pembeni mwa leso, ukazizike kwako. Kwetu kuku wangezichakura, na nywele ya mtu haiachwi ovyo.

Kisha zikapungua utosini hata ngozi ikaonekana. Mama akanitazama. "Zenda wapi hizo, mwanangu? Waulize wazibebao."

Nami, mjinga, nikakuuliza, harusini, mbele ya wanawake. Ukadhani mzaha. "Wallahi, shoga, nimpelekee mganga nywele tatu hizi? Hata jini angezikataa!" Hakuna aliyecheka nawe. Ukavaa buibui lako ukatoka. Mwezi haukwisha, mumeo akakuhamishia Tanga.

Nimejitibu, mwenzangu. Uwatu na mafuta ya nazi. Kombe la zafarani, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji, nikanywa na kujipaka. Maji ya kitunguu, mume wangu akaniuliza kama mchuzi u tayari. Vita vya Wazungu vilipokwisha ikaja chupa ya mjini, ina picha ya mwanamke wa nywele za magotini. Nimeimaliza, mwenye nywele ni yule yule wa kwenye picha. Na zangu ziliendelea kutoka, nawe uko Tanga. Hapo ilinipasa kuelewa. Sikutaka.

Mfunguo Mosi, Ramadhani imetoka tu, mama alifariki, nikaingia kumwosha. Wajua hakuvua kitambaa kichwani maisha yake yote, hata mbele yangu. Mwoshaji alipokifungua, nikauona utosi wangu. Ule ule, mtupu, nywele zimebaki pembeni. Nikasimama na kata ya maji mkononi hadi nikaambiwa, "Mimina, mwanangu."

Alijua, Mwanasiti. Au labda naye alikuwa na shoga yake, akamfukuza vivyo hivyo.

Dawa sitafuti tena. Binti yangu ana nywele tele, na kila nikimsuka macho yanaanzia utosini. Siku nywele zitakapoanza kumtoka nitavua kitambaa changu nimwonyeshe, kisha nimwambie jina lako na nililokutenda. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, ni haki yako.

Aliyekuwa shoga yako