Kidonge Baada ya Chakula

Kipupwe, mwaka 2021

Mjukuu wangu fundi saa,

Chai imo kwenye chupa, na mkate nimeufunika kwa sahani. Kula kwanza, ndipo umeze kidonge.

Asubuhi nilikukuta umeinamia sinki ukitapika, nikasema, "Umeirudia pombe." Ukanijibu, "Bibi, ninuse mdomo." Sikukunusa, nilikugeuzia mgongo.

Baadaye nilimpigia simu muuguzi wa kliniki yako. Amesema kichefuchefu hicho huletwa na dawa hiyo ya kukata hamu ya pombe, hasa tumbo likiwa tupu, na kwa wengi hupungua baada ya wiki chache. ~~Iache dawa hiyo.~~ Usiiache kabla ya kumwona daktari Alhamisi. Umweleze pia maumivu ya kichwa, wala usijifanye jabali. Kwa siku kumi na tisa hujaonja pombe, na mikono yako haitetemeki tena juu ya saa za watu. Hilo si jambo dogo. Moyo wangu umetua.

Sinki, hata hivyo, ulisugue.

Chini ya karatasi hii upo ufunguo wa mlango wa mbele, niliokunyang'anya mwaka jana ulipokuwa ukilewa. Nakurudishia, pamoja na samahani niliyopaswa kukuomba asubuhi.

Bibi yako