Vifuko Kwenye Figo

Jumanne, 10 Juni 2025
Nimedungwa. Daktari Shamis alinieleza mara tatu, kama mtoto wa nasari: ni vifuko vidogo mno vilivyotolewa na seli shina, vikabandikwa chembe za mionzi ili mashine ione vinakokwenda mwilini. Vikifika kwenye figo zangu mbovu, naingia kwenye majaribio ya tiba. Vikiishia kwenye ini — nasubiri dialisisi, kusafishwa damu kwa mashine, kama wenzangu.
Masharti: nisimkaribie binti yetu Khavere, ana mimba. Ninywe maji mengi, niende choo kila saa.
Hata mimi siwezi kuharibu hilo.

Jumatano, 11 Juni
Nimeharibu.
Jana nilimkuta mama mkwe hapa Kaloleni, ametoka Vihiga kuja kunijulia hali. Akaketi mlangoni, miguu kainyoosha. Choo kiko uani. Na kwetu mkwe hamruki mama mkwe, wala hasemi naye! Basi mzee mzima, miaka hamsini na mbili, nikajibana chumbani hadi jioni alipokwenda kulala kwa Khavere, nyumba ya pili.
Leo picha: ini linawaka, figo ya kushoto nayo inawaka. Nikashangilia. Daktari akauliza nilikwenda choo mara ngapi. Nikakohoa. Akasema huo mwanga huenda ni mkojo tu, umebeba mionzi iliyobanduka. Turudie kesho.
Mke wangu Muhonja alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaenda kumweleza mamake. Mama mkwe hasemi nami. Husema na ukuta, nami nasikia.
“Mwambie mtu wako apite. Mimi nitafunga macho.”

Alhamisi, 12 Juni
Nimepita mara kumi na moja. Kila mara mama anajifunika leso usoni. Khavere, kule ng’ambo ya ua, anahesabu kwa sauti, majirani wasikie. Mtoto huyu!
Sasa niko hospitalini, kwenye benchi. Picha imerudiwa. Kibofu giza. Figo ya kushoto — bado inawaka! Kidogo, lakini ipo. Mkojo ungekuwa umeshapita, daktari kasema. Nimepumua hadi vifungo vya shati vikalalamika.
Ya kulia kimya. Kama moja inatosha kuniingiza kwenye majaribio, sijui. Daktari anawauliza wenzake kwa simu, mlango kaurudisha.
Muhonja ameshampigia mamake. Ananinyooshea simu: mama anataka kusikia kutoka kwangu mwenyewe. Miaka ishirini na saba hatujawahi kuongea moja kwa moja. Nimemwambia asubiri, naandika. Muhonja hajashusha mkono —