Panga la Mfyekaji

Jumamosi, 15 Oktoba 2022

Leo nimeona kinyaa mbele ya watu ninaowapenda. Nikinyamaza na hapa pia, nitapasuka.

Tulicheza kwetu Ndosho, sebuleni, kama kila Jumamosi. Yaya Julien — tunamwita yaya, kaka mkubwa, kwa kuwa yuko chuo kikuu — ndiye anayeongoza mchezo. Anasimulia nchi ya kubuni, na sisi watatu — Achille, Sylvie na mimi — kila mmoja anasema mtu wake anafanya nini. Mtu wangu ni paladini, askari aliyemwapia mungu wake. Nimempa jina la bibi, Nyirarukundo. Mimi siongei na watu. Yeye anaongea! Anawaambia majambazi wawaachie wasafiri, na wanasikiliza. Sekondari nzima sikuinua mkono darasani. Sasa nina diploma ya Serikali, niko tu nyumbani, na Jumamosi ndiyo siku pekee ninayosikia sauti yangu.

Mungu wa Nyirarukundo anaitwa Mfyekaji. Silaha yake ni panga. Si mimi niliyechagua. Mwaka jana mwezi wa Mei, mlima ulipolipuka na nyumba yetu ya Buhene ikaungua, tulikimbilia Sake, tukalala wengi katika darasa moja. Julien akaanzisha mchezo ili watoto waache kulia. Kila mtu aliandika mungu mmoja kwenye karatasi, tukachanganya, tukachota. Nilichota wa Achille: mungu anayewafyekea njia watu wanaokimbia. Nilimpenda papo hapo. Achille mwenyewe alikuwa amembeba mdogo wangu mgongoni hadi Sake, na hata hatukuwa tunamfahamu.

Tangu hapo Nyirarukundo hakumkata mtu. Alifyeka vichaka, akaponya wagonjwa, akaongea. Leo jambazi alimshika Sylvie (yule wa mchezo) na ikabidi nipige. Kete hatuna, tunachota vifuniko vya soda vyenye namba kutoka kwenye soksi. Nikachota — ishirini! Namba ya juu kabisa. Wote wakapiga kelele. Julien akaanza kusimulia mkono wa yule jambazi, jinsi ulivyoanguka, vidole bado vinacheza. Achille akatoa mlio wa panga kwa mdomo. Tchak. Akacheka. Akarudia tena, polepole, kwenye shingo yake mwenyewe. Tchak.

Sylvie alikuwa anaangalia sakafu. Sylvie ni wa Beni. Shangazi yake aliuawa kwa panga shambani pamoja na watoto wake, na sote tunajua. Sote! Na bado tchak.

Nilitoka nje nikatema mate. Kinywa kilikuwa kama nimelamba chuma.

Jumatatu, 17 Oktoba

Nimepata jibu nikiosha vyombo. Nyirarukundo atashika fimbo, ile ndefu ya wachungaji wa Masisi. Inasukuma, inazuia, inamwinua mtu aliyeanguka mtoni. Nimemwandikia yaya Julien kwa simu ya mama. Amejibu: tutajadili wote.

Wote! Maana yake nitabishana na Achille. 

Jumamosi, 22 Oktoba

Nimeongea. Kwa mdomo wangu, si wa Nyirarukundo.

Achille alianza hata kabla ya kukaa. "Haiwezekani. Umeapa kwa mungu wa panga. Baraka zake unakula, silaha yake unakataa? Ni kama padri anasema misa lakini divai hapana, yeye anataka juisi ya maracuja!"

Tulicheka, hata mimi. Nachukia kwamba anachekesha.

Julien alifungua kitabu chake cha Kifaransa, kile ambacho kurasa zinatoka kama maganda ya kitunguu. Kinasema paladini akipigana kwa silaha ya mungu wake anaongezewa mbili kwenye namba. Hakisemi kwamba akishika nyingine amekosa. "Kitabu hakilazimishi," akasema. "Kinabembeleza tu."

"Hicho kitabu ni cha wazungu," Achille akamjibu. "Mfyekaji ni wangu. Mimi ndiye nilimuandika, mimi ndiye najua anataka nini."

Hapo ndipo nikasema. Kwamba Mfyekaji anapenda njia, hapendi panga. Panga ni kitu tu alichokuwa nacho mkononi siku ile. Kwamba anayempenda mungu aangalie mungu anataka nini kiwepo mwishoni, si ameshika nini. Na kama kuna njia ya fimbo, na mtu bado anachagua panga, basi hamtumikii mungu, anatumikia panga. Sauti ilitetemeka mpaka mwisho lakini ilifika mwisho.

Halafu Achille: "Uwingabire, we unaogopa damu tu. Sema kweli. Paladini mwenye kuogopa damu aende jikoni, amenye viazi."

"Mimi ningependa ashike fimbo," Sylvie akasema. Maneno hayo tu, na bado anaangalia sakafu.

"Aah! Basi tubadilishe miungu yote juu ya kila mutu na huzuni yake?"

Kila mtu na huzuni yake! Kama vile ni namba ya viatu! Nilimwangalia usoni na sikumwona yule wa njia ya Sake. Niliona meno.

Julien ameamua: Jumamosi ijayo Nyirarukundo ataenda madhabahuni kumwuliza Mfyekaji mwenyewe. Julien atakuwa sauti ya mungu. Hatatuambia mapema atajibu nini.

Jumapili, 30 Oktoba

Jana hatukucheza. Waasi wa M23 wamechukua Rutshuru na Kiwanja. Barabara yote ya kaskazini imejaa watu, magodoro vichwani, mbuzi, vikongwe kwenye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo.

Tonton Havugimana, kaka ya mama, amefika kutoka Rugari, upande huo wa vita, kwa miguu. Miguu yake imevimba, siwezi kuiangalia. Amelala nyuma ya pazia, pale tunapoweka mifuko ya makaa. Mama amemwambia asitoke nje. Kama lazima atoke, asifungue mdomo. Tonton anasema Kinyarwanda, kama waasi wengi, na Kiswahili chake kinasikika hivyo hivyo.

"Nimekosa nini?" akauliza.

"Hujakosa kitu. Siku hizi wanasikiliza mutu namna anasema, basi."

Mtu amewakimbia waasi kwa miguu yake mwenyewe, halafu anafichwa kama mwasi. Nasikia kinyaa na mji huu. Na sisi tunaozungumza kwa kunong'ona nyumbani kwetu.

Ijumaa, 4 Novemba

Redio: vijana wajiandikishe jeshini, na mitaa ijipange kujilinda. Tangu asubuhi vijana wanapita wakiimba, wengine wamevaa bado sare za shule.

Sylvie amekuja akasimulia akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kukaa. Achille ameingia kwenye kikundi cha vijana wa avenue yetu. Wana mapanga. Jana waliyapeleka kwenye kile chumba cha maombi cha mbao, nyuma ya fundi wa pikipiki, na mchungaji akayapaka mafuta. Moja moja. Yale mafuta wanayowapaka wagonjwa! Achille amemwonyesha Sylvie lake, anajivuna.

"Alisema niguse," Sylvie akaniambia. "Ati nione halina ubaya."

"Ukagusa?"

Alijifuta mkono kwenye sketi.

Jumamosi, 5 Novemba

Nilitaka kumwandikia Julien asije. Nilifikiri, tukicheza, Achille atarudi kuwa Achille. Ujinga.

Alikuja na panga. Akaliweka mezani, katikati ya vifuniko. Mafuta yalikuwa bado yanang'aa na vumbi jeusi la barabara limeshika juu yake. Lilinuka nazi na kutu.

"Toa kitu hicho," Julien akasema.

"Subiri, yaya. Uwingabire aangalie. Hii si yangu tena, ni ya Mungu."

"Mungu gani?" nikauliza.

"Ule wa kweli. Huyu, hauwezi kumwambia unataka fimbo."

Nyuma ya pazia tonton akakohoa. Halafu akaita kwa Kinyarwanda, aletewe maji. Alidhani ni mama na mimi tu.

Achille aligeuza kichwa. "Muko na mugeni?"

Ningeweza kunyamaza, kunyamaza ndiyo kazi yangu tangu kuzaliwa! Lakini aliniuliza mimi, na mimi nikiulizwa na rafiki najibu. "Kaka ya mama."

"Wa wapi?"

"Rugari."

Uso wake ulibadilika, lakini si kwa hasira. Ningependa iwe hasira. Ulikuwa kama wa mtu aliyekumbuka kazi aliyotumwa. Akasema kwa utaratibu kwamba kikundi kinaandikisha wageni wote wa avenue. Akachukua panga, akaondoka. Swali la Mfyekaji halikuulizwa. Julien alikusanya vifuniko vyake, akavirudisha kwenye soksi.

Jumapili, 6 Novemba

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Ulisema kweli, mwanangu," akaendelea kuchambua maharage. Afadhali angenipiga.

Julien anatafuta mtu wa kumpeleka tonton mtaa wa Katindo kwa rafiki yake. Hajapata. Waendesha pikipiki wanaogopa vizuizi. Jirani anasema sokoni Birere jana vijana walimvua mtu shati na kumpiga kwa sababu ya pua yake, ati inafanana na ya waasi. Pua! Na walioangalia walikuwa wanakula mandazi.

Jumatatu, 7 Novemba

Mchana. Mama yuko Birere kwenye meza yake ya sabuni. Mdogo wangu yuko shuleni.

Wamekuja watatu. Wawili siwajui, wameingia uani, kwenye lupango la jirani. Achille alibaki kwenye geti letu, panga mkononi. Nilitoka.

"Uwingabire. Sema ameenda."

"Nani?"

"Usinichoshe. Sema tu: ameenda. Nitawaambia nimeangalia mwenyewe."

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Hakuniuliza kama tonton yupo. Alikuwa ananiomba.

"Weka panga chini kwanza," nikasema, "ndiyo nitaongea na wewe."

"Siwezi."

"Kwa nini? Mungu atakasirika?"

Akaangalia lupango la jirani. "Mungu hapana," akasema kwa sauti ya chini. "Wale wawili."

Nilisikia kinyaa kuliko siku ya tchak. Na huruma juu yake, vimechanganyika, sijui kimoja kinaishia wapi. Nikamwambia: ameenda. Nimesema uongo bila kutetemeka hata kidogo. Akatikisa kichwa kukubali. Nikafunga geti.

Sasa niko nyuma ya pazia na tonton. Naandika kwa sababu mikono ikikaa bure inagonga mifuko ya makaa. Tonton amevaa viatu juu ya vidonda. Nyuma hakuna pa kupita, ni ukuta wa mawe ya volkano, na anauangalia kama mtu anayeupima.

Wale wawili wamerudi getini. Nasikia chuma kinagonga chuma. Mmoja anauliza, "Hapa kuko mutu?"

Achille hajajibu.

Anauliza tena, na sasa anamtaja Achille kwa jina. Achille bado hajajibu. Naweka kalamu chini.