Pampu Uliyoiongeza Ukanyamaza

Kwako Twaha, uliyekuwa mchumba wangu,

Salamu nakupa kwa kuwa ni wajibu. Baada ya hapo sina tamu ya kukwambia.

Ijumaa shangazi yako alikuja kwetu Kibokoni na sinia za halua, manukato na doti za kanga za Biashara Street. Akasema wewe bado wanitaka, turudiane, harusi iwe ukija likizo. Mama akanitazama. Shangazi yako ni mtu wa watu, hana kosa, lakini hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa moto.

Unakikumbuka chombo chetu pale maabara? Tulikilea pamoja. Ndani yake mliishi seli za figo la kondoo, za kutengenezea chanjo ya mifugo. Pampu iliingiza maji yenye chakula upande mmoja, na yaliyokwisha kutumika yakatoka upande wa pili, mchana na usiku bila kukatika. Kazi yetu ilikuwa kupima sukari iliyobaki, kisha kuzilisha kwa kadiri zilivyokula, si zaidi. Nilikupenda pale, sikatai. Nilipenda hata ulivyoibembeleza pampu ikikwama, ukiiita bibi harusi.

Lakini sukari ikishuka, roho yako haikutulia.

"Wana ndaa hawa, Rukia. Nawaonea imani."

"Hawana ndaa. Wanakula kidogo, na uchafu wao kidogo. Wazidishie uone, watajitilia tindikali wenyewe wafe."

Ukacheka. Kwenu pia mambo yalikuwa hayo hayo. Mama yako alinijazia sahani ya biriani nikisema nimeshiba, nawe ukanisukumia bakuli la mchuzi. "Kula bwana, waona haya ya nini?" Sikuona haya. Nilikuwa nimeshiba, Twaha! Hamkunisikia hata siku moja.

Kisha mama yangu akaugua, nikaomba ruhusa nimuuguze, nikakuachia chombo. Ukaongeza kasi ya pampu. Seli zikabugia sukari, zikamwaga tindikali, na maji yote yakachacha. Niliporudi nilizikuta zimekufa, zimetuama chini kama maziwa yaliyokatika. Ulinikiria wewe mwenyewe mlangoni, machozi yakikutoka, kwamba uliziona zina njaa ukashindwa kuvumilia. Nami nikakuonea huruma, nikijua utasema hivyo hivyo kwa mkuu wetu.

Mkuu akatuita, akauliza nani aliyepanga lishe ile. Ukaangalia meza. "Mpango wa lishe ni wa Rukia," ukasema. Basi. Si uongo, mpango ulikuwa wangu. Nikaeleza, nikajieleza tena, nikaonekana najitetea, na wewe kimya. Mimi nikapelekwa kuosha chupa. Wewe ukapelekwa Ulaya kusoma.

Wajua linaloniuma zaidi? Mpango wenyewe umetupwa. Siku hizi wanazilisha kipimo kile kile asubuhi na jioni, zimekula hazikula, na zikifa husemwa ni bahati mbaya. Napita na ndoo yangu ya chupa, nanusa ule uchachu, naambiwa nishughulike na yangu. Nasikia uchungu, nasikia ghadhabu, na sitaki mtu aniambie nisubiri.

Tangu uondoke umenitumia viatu, saa, simu, manukato yasiyokwisha. Kila mara nilikujibu: sitaki vitu, mwandikie mkuu. Kila mara ukatuma kikubwa zaidi. Sasa umenitumia posa.

Sinia nimezirudisha. Shangazi yako aliteremka ngazi analia, na majirani barazani wakanitazama mimi kama ndiye mbaya. Dhambi hiyo nayo ni yako. Usinitumie mtu mwingine, wala usiniulize nina hasira za nini.

Nilikuomba kitu kimoja tu, useme, "Niliongeza mimi." Umenipa kila kitu isipokuwa hicho.

Kwaheri, Twaha.

Aliyekuwa mchumba wako, ambaye bado anaosha chupa,
Rukia