Propela Uliyoichagua

Mutuku, rafiki yangu,

Nimekukosea, na huwezi tena hata kunitukana. Ile propela uliyoichagua ya ndege uliyojiundia ilikuwa na ufa. Nilijua.

Si nilikuwekea mbili kwa meza ya karakana yangu hapa Kathonzweni, zote za mti wa mukau? Ukazining'iniza kwa msumari moja moja, zikatulia sawa, hakuna upande uliolemea. Moja ilikuwa nzima lakini mbaya kwa macho, imejaa alama za tezo. Nyingine iling'aa. Ukaishika hiyo, ukacheka: "Nzioka, hii umechonga kama unaenda kuposa nayo." Mzee mzima mimi, nikafurahi. Nikanyamaza.

Huo ufa niliuziba mwenyewe, gundi na vumbi la mbao, msasa, halafu vanishi. Ndivyo tunavyofanya na twiga wa mbao wa kuuzia watalii. Lakini twiga akipasuka, anapasukia kwa kabati ya mtu. Sikufikiria. Hapana, nilifikiria. Nilisema nitakwambia kesho, na kesho ukaifunga kwa injini.

Ndege ikapita juu ya miti ya uwanja, mama yako akapiga vigelegele. Halafu ile sauti ya mbao kupasuka, ndege ikaanguka.

Nilifika wa kwanza. Nilikushika mkono, wewe ulikuwa umeshaenda. Na Mutuku, nikaokota kile kipande chenye gundi, nikakificha ndani ya koti kabla watu wafike.

Sasa wanasema hukujua kuunda ndege. Kanisani wanasema ulikuwa na kiburi, ulitaka kupanda mahali Mungu hakukuweka. Mwaitu, mama yako mwenyewe, amewaamini. "Mwanangu alikuwa kichwa ngumu," aliniambia, akinimiminia chai. Nikainywa. Nilikaa pale nikainywa yote. Jumamosi anauza ndege yako kwa watu wa vyuma vikuukuu, hataki kuiona tena.

Mimi sijachonga kitu tangu tukuzike. Nikishika tezo, naiweka chini. Hata kuomba siwezi, naanzia wapi?

Ijumaa hii asubuhi, kabla hilo gari la vyuma lije, nitaenda kwa mwaitu. Nitaweka kile kipande mbele yake, nimwonyeshe gundi kwa kidole. Nitamwekea pia ile propela nzima uliyoiacha. Nitamwambia mwanawe hakukosea mahali, mimi ndiye nilikosea. Akinifukuza, nitatoka. Akiita polisi, nitawangoja hapo hapo mlangoni.

Lala, Mutuku. Ndege yako ilikuwa sawa.

Nzioka